Sombe ya Mama mu Gereza

Mama mupenzi,

Mutoto wako iko na bahati kuliko wote hapa Kasongo: nakula kuku kila siku, na ile sombe yako ya majani ya muhogo, ya kwetu Wamaza, nimekwisha kuisahau.

Jana niliongea na wazee wawili waliofungwa pamoja na marehemu baba mu gereza ya zamani. Wewe unasemaka kule alitusahau, sababu alirudi kimya. Sikia basi. Mahindi yao ilikuwa na wadudu, kwa hiyo kila jioni walikuwa wanapika na mudomo: mufungwa mumoja anaeleza chakula ya kwao, wenzake wanameza mate. Baba alipika sombe yako tu, na mawese, na samaki ya Nyangwe, chumvi mwisho. Siku moja alitangulia kutia chumvi, wote wakamupigia kelele: "Weye, mama Feza hafanyaka vile!"

Muzee mumoja akaniuliza: "Iko muzima, mama yetu wa sombe?"

Mama, hakusahau hata chumvi.

Mungu akulindie ile magoti inakuumaka mpaka nirudi. Ile ya kuku ni uongo. Nina njaa.

Mutoto wako