Damu Yangu Haikumkataa Mtoto

Kisangani, Jumamosi mchana

Mama mpenzi,

Ukiona mwandiko umepinda usiogope. Mimi ni mzima, ila mkono mmoja umebeba mtu. Ndiyo, Mama! Amezaliwa, ni mwanaume, leo ana wiki tatu, na akilia mtaa mzima unajua. Wewe je, mgongo umepoa? Huko Butembo bado mnalala nyumbani, au mnakimbilia mashambani? Barabara imekufa kabisa, ndiyo maana barua hii nampa tonton, mdogo wako, anayepanda ndege ya mizigo kufuata maharagwe huko. Mengine atakueleza yeye, lakini hili nataka ulisikie kwangu.

Mama, mimi sijasamehe. Uliniandikia nisamehe, nikasoma barua yako mara mbili, nikaikunja. Nitasamehe vipi? Ulikuja kuniuguza mtoto wa pili alipozaliwa amekufa kama wa kwanza, na mama mkwe akatupa mizigo yako nje ya lango mbele ya majirani, anapiga kelele ati umeleta dawa ya kunifunga tumbo. Uliondoka na kandambili za jirani. Na wale wanangu wawili, wavulana wote, wenye vidole na kucha, nilipoomba wapewe majina aliniambia nini? "Majina ya nini? Ile haiko mutu, iko damu tu. Damu yako inakatala damu yetu." Wakazikwa nyuma ya jikoni bila jina, bila sala. Faustin, mume wangu, aliinamisha kichwa tu mbele ya mama yake. Naye nilimwekea kinyongo rohoni.

Sasa sikiliza. Mimba hii ilipofika miezi mitano nilishikwa na homa, nikaenda maternité, hospitali ya wazazi. Mama mkwe akanifuata, si kwa upendo, kunichunga tu. Munganga ni mama mmoja wa Yahuma, miwani yake imefungwa kwa uzi. Kabla hata hajaniuliza kitu, mama mkwe akamwambia, "Docteur, usijisumbue. Damu ya huyu mwanamuke inakatala watoto yetu."

Munganga akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba nusu ya mtoto ni ya baba, kwa hiyo kwa mwili wa mama yeye ni mgeni. Na ndani ya damu mna askari, kazi yao kufukuza wageni wanaoleta ugonjwa.

"Alors mbona hawamufukuze mutoto?" mama mkwe akadakia.

"Kwa sababu iko askari wengine, mama. Kazi yao ni kutuliza wenzao. Wanawaambia: acha, huyu iko wa kwetu. Wakati wa mimba mwili wa mama unawaongeza. Wenye kusoma sana bado wanatafuta kujua namna gani inafanyika."

Nikamuuliza kama kwa wale wangu wawili askari hao walikosekana. Akasema hajui. Labda walikuwa wachache, labda ni malaria, labda kitu kingine, na hapa hakuna mashine ya kuangalia. "Lakini bon, hakuna mama anaamuru damu yake. Na uchawi haiko ndani." Akanipa dawa ya malaria, akaniambia nirudi kila wiki mbili.

Mwezi uliofuata majeshi mawili ya wageni yakarushiana mabomu juu ya vichwa vyetu. Nililala chini ya meza na tumbo langu, Mama, nikawa naongea na wale askari wangu: watulizeni wenzenu jamani, msiniangushe! Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini mtoto akabaki. Tumbo langu lina akili kuliko wakubwa wote wa vita hii.

Alizaliwa saa nne asubuhi. Mama mkwe akaja na kwanga ya muhogo na samaki wa kukausha, pamoja na ndugu zake wa Yanonge, amejifunga pagne mpya, anaimba, "Mutoto wetu wa kwanza!" Akatangaza kwamba ataitwa jina la marehemu mume wake. Nikamwacha acheze mpaka achoke. Neno langu nilikuwa nimelipika polepole tangu siku ile ya munganga, kama majani ya pondu.

"Mutoto iko na jina tayari," nikasema. "Kasereka."

"Maana yake nini?"

"Kwetu ni jina la kijana wa tatu. Hata aliyekufa anashika zamu yake."

"Wa tatu namna gani? Huyu iko wa kwanza!"

"Hapana, mama. Wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale. Wako nyuma ya jikoni. Kama wao hawakuwa watu, huyu pia haiko mutu, beba kwanga yako urudi. Kama huyu iko mutu, basi nao walikuwa."

Ndugu wa Yanonge wakamgeukia. Hakuwahi kuwaambia kwamba watoto walizikwa pale. Akamtazama Faustin amwokoe. Faustin akamchukua mtoto mikononi mwangu, akasema, "Kasereka. Mimi baba yake nimesema." Basi, yeye nimemsamehe.

Mama mkwe je? Kila asubuhi anamwita mjukuu wake uani, na kila akimwita Kasereka, atake asitake anahesabu hadi tatu. Siku nyingine anaishia nusu ya jina, anaanza upya. Ninamsikia nikiwa jikoni, na simsaidii.

Mgongo ukipona, panda ndege na tonton. Viatu vyako vilivyobaki siku ile nimevitunza. Mama mkwe ndiye atakufungulia lango lile lile, na atavileta kwa mikono yake.

Nisalimie kaka yangu fundi wa baiskeli, na shangazi mpishi wa parokia. Mwambie kwamba padri wa huku amekubali kuwataja Paluku na Kambale kwenye misa. Mbusu bibi.

Majirani walianza kuniita Mama Kasereka, nikawakataza. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mama mkwe naye, akitaka niitike, huniita kwa huyo wa kwanza.

Binti yako akupendaye,
Mama Paluku