Kompyuta Iliyodhani Iko Ulaya

Geita, wakati wa masika

Kaka Salehe,

Shikamoo kaka. Mgongo unaendeleaje, na lile banda lililolazwa na mvua umelisimamisha? Mimi mzima, nakula nashiba, na kama yuko mtu mwenye bahati kunishinda huku Geita basi bado hajazaliwa. Nimepanda cheo, kaka. Mgodi umenipa chumba chenye mashine ya kutoa baridi, humo nakaa na kompyuta kama bwana na bibi harusi, na meneja amesema wazi mdogo wako asitoke getini hata siku moja, maana bila yeye kazi haiendi. Ndiyo sababu likizo yangu imesimamishwa. Usishtuke, sikia kwanza.

Hapa dhahabu ina nyumba yake, na mlango wake wa chuma haufunguliwi na mtu. Unachomeka kadi, kompyuta inatazama saa yake, kama ni wakati wa zamu yako unapita. Kama si wakati wako, hata uwe mtoto wa chifu utasimama hapo hapo. Sasa mashine yenyewe imetoka Ulaya. Kwao kiangazi jua linakawia kuzama, basi Jumapili moja wote husogeza saa zao mbele kwa saa nzima, baridi ikirudi wanazirudisha. Fundi wake, Mzungu aliyekuja nayo, aliponieleza nilidhani ananitania. Na waliounda kompyuta wameitia amri hiyo tumboni, ijisogeze yenyewe kila mwaka bila kumuuliza mtu. Hakuna aliyekumbuka kuiambia kwamba imehamia Geita.

Jumapili hiyo ikajisogeza. Asubuhi saa moja zamu ya usiku wakachomeka kadi watoke, mlango kimya. Kwa kompyuta ilikuwa saa mbili, wakati wao umeshapita. Masanja, mlinzi wetu, Msukuma mrefu asiyejua haraka, akaja kwangu na salamu ya kwao.

"Mwangaluka, Baba Mwajuma. Watu wamefungwa."

"Wamefungwa na nani?"

"Na hilo sanduku lako. Linasema wamechelewa."

"Kwani sasa saa ngapi?"

"Jua si hilo hapo? Saa moja. Au na jua nalo likachomeke kadi?"

Tulipofika mlangoni, wa ndani wakasikia sauti yangu. "Baba Mwajuma, tuna njaa. Si wewe unayesema kompyuta inakusikiliza? Haya, iambie."

Unanijua, kaka. Kazi yangu ni kuilisha karatasi tu, na fundi alikuwa amekwenda kwao mapumziko. Lakini nilikuwa nimevitazama sana vidole vyake, na mbele ya watu wale ningesemaje kwamba siwezi? Nikarudi kwenye chumba cha kompyuta, nikabonyeza pale anapobonyeza yeye. Mashine ikauliza saa ngapi. Nikaijibu kama ambavyo ningemjibu mama yetu akiuliza. Nikaandika 1.

Kumbe mashine ile huanza kuhesabu usiku wa manane. Saa moja yetu jua linachomoza, moja yake ni giza totoro, saa za wezi. Kengele ikalia, milango yote ikajifunga, hata wa jikoni. Kisha ikaanza kuuandika usiku upya juu ya ule iliokwisha kuuandika, hata nani alipita wapi, wakati gani, na dhahabu iliyoingia ilikuwa kiasi gani, yote yakafutika. Wale ndugu walitolewa mchana, mlango umekatwa kwa moto, wamekauka midomo. Dhahabu ilipungua au haikupungua, hakuna awezaye kusema.

Meneja hakugomba. Aliuliza tu, "Nani ameigusa?" Nikasema mimi.

"Basi wewe huendi popote mpaka fundi arudi."

Na huko kwa fundi, kaka, kiangazi ndiyo kwanza kinabisha hodi.

Sasa neno lenyewe. Ndoa ya Mwajuma haiwezi kungoja, watu wameshaalikwa na mchele umeshanunuliwa. Mimi ndiye walii, na sitafika. Wewe ni baba yake mkubwa, nakupa uwakala kwa barua hii: kaa mkekani mahali pangu, mshike kijana mkono, umwozeshe. Shehe akiuliza baba yuko wapi, msomee hapa: mimi Hamisi, baba wa Mwajuma, nimeridhia ndugu yangu Salehe amwozeshe binti yangu. Shemeji yangu asipewe nafasi ya kusema, wali utapoa. Na kijana mwambie kwamba Mwajuma akinyamaza ndiyo amekasirika, asidhani ni upole.

Nisalimie Mama Mwajuma, mwambie asiniwekee sahani. Msalimie mama, umwambie kilichonizuia kuja ni kikohozi kidogo tu. Fundi cherehani wetu aliyeshona nguo ya harusi mpe shukrani, na watoto wako wote wapakate mmoja mmoja kwa niaba yangu. Barua hii anaipeleka Masanja posta, kwa sababu kadi yangu haifungui geti tena.

Kile nilichoandika mwanzo ni uongo, kaka. Sikupanda cheo, na chumba cha baridi simo. Nalala bwenini, mlinzi yuko mlangoni, na jana wameniuliza tena dhahabu nimeificha wapi. Wanadhani nimeiba.

Mdogo wako,
Hamisi