Kekee Uliyonipa kwa Mkono Wako

Maskati

Da Zuhura, shikamoo.

Umeamkaje huko Kidichi? Kifua kimetulia? Na shemeji na mgongo wake? Mimi mzima, Alhamdulillahi, ila joto la huku linatukaanga, na kazi yenyewe ya kupaka rangi majumba haina kivuli. Najua utashangaa kuona barua. Ningekupigia simu, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitababaika.

Unakumbuka marehemu Baba alivyoniambia kitandani: "Kekee iko kwa Zuhura, akupe wewe." Mimi nikajua ni ile kekee ya Mama, bangili ya fedha aliyovaa kwenye picha ya harusi. Ukasema huna. Nikakutaka uape kwa msahafu, nyumbani kwako, mbele ya mumeo. Ukaapa, na bado sikukuamini. Miaka sita nimekunyima salamu, wewe uliyenilea mgongoni.

Siku nnaondoka ulikuja uwanja wa ndege bila ya kuitwa, ukanipa kitu umekifunga kwenye kanga. "Chukua, cha Babu hichi, kilikuwa sandukuni kwangu." Kijiti kinene chenye ncha ya chuma, na upinde wenye kamba. Nikadhani cha kupekechea moto. Mwenzangu mmoja chumbani akashikilia kuwa ni cha kupigia fidla.

Wiki iliyopita akatutembelea Mzee Haji, seremala wa zamani, mtu wa Mji Mkongwe aliyemjua Babu. Kukiona tu akakaa chini, akaizungusha ile kamba kwenye kijiti, akakibana kwa juu kwa kiganja, akawa anavuta upinde huku na huku. Ncha ikazama kwenye ubao kama kwenye papai.

"Babu yako akitobolea milango kwa hii, misumari ya shaba ipite."

"Yaitwaje?"

"Kekee, baba. Mjukuu wa seremala huijui kekee?"

Da Zuhura, kumbe kekee aliyoisema Baba ndiyo hii. Baba alikuwa karani, hakushika randa maisha yake, sisi tungejuaje? Nimelia mbele ya watu wazima, sioni haya kukwambia. Uliniletea mwenyewe, na mimi huku nnakuita mwizi. Na kiapo chako usikitilie wasiwasi. Uliapia bangili, na bangili hukuwa nayo. Iliko sijui, wala sitaki kujua.

Shangazi yetu nshampigia, maana ndiye niliyempelekea maneno. Akasema, "Ndo unaona leo?"

Msalimie sana shemeji. Mwambie nnaomba nikae palepale nilipokuapisha, niseme mbele yake kuwa aliyekosa ni mimi. Wabusu wanao, wapwa zangu wadogo nisiowajua hata sura.

Nnakuja mwezi wa Rajabu. Nitabisha hodi kwako kwanza, kabla ya kwenda kaburini kwa Baba. Usiponifungulia, nitakaa barazani mpaka unifungulie.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniapia kweli nikakukadhibisha,

Salum