Ndege ya Jumanne Haikuwa Yako

Baba,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa jikoni kwetu, mtaani Tuwan, Kitale. Mama ameenda sokoni. Mtihani uliisha wiki tano zilizopita. Wewe uliondoka kabla haujaisha, na mimi sikujua.

Nataka kuanza na jambo zuri, usije ukasema nimekuja na hasira tupu. Nakumbuka kabati. Nilikuwa darasa la tano, nikakuuliza kwa nini ndege hazigongani na huko juu hakuna barabara. Ukafungua kabati la vyombo ukaanza kupanga vikombe. Kikombe cha bluu ukakiweka rafu ya chini: hiyo ilikuwa ndege yako, yenye kamera tumboni, inayopiga picha za kutengenezea ramani. Kikombe cha Mama ukakiweka rafu ya juu: ndege ya abiria inayopita. Ukasema mwenye kabati ni mwongozaji wa ndege aliye mnarani Eldoret, na kwamba yeye havioni hivyo vikombe. Anavijua kwa sauti tu, kwenye redio. Kwa hiyo rubani akidanganya kuhusu rafu yake, au akiiacha kabla ya kusema na kujibiwa, "hapo hakuna kabati tena, Nafula, ni vigae."

Ukaniambia pia kwamba mwongozaji akisema futi elfu kumi, rubani lazima arudie, elfu kumi, ndipo wote wawili wajue wamesikia kitu kimoja. Tukaanza kufanya hivyo hapa nyumbani. Mama akinituma, "Leta unga na chumvi, na usipitie kwa akina Chebet," nilijibu, "Unga, chumvi, sipitii kwa akina Chebet." Mama alikuwa akicheka. "Nyinyi wawili mko na wazimu, bana."

Mimi niliyaamini yote, Baba. Nilidhani hiyo ndiyo tabia yako, si kazi yako tu.

Nilipoingia sekondari huko karibu na Matulo, kijijini kwenu, ulitandaza ramani mezani ukanionyesha mistari yako. Ulisema unakwenda na kurudi angani kama mtu anayelima kwa ng'ombe: unafika mwisho wa shamba, unageuka, unafuata mfereji unaofuata. Upande wa Kitale ardhi imeinuka, kwa hiyo huko unaomba kuruka juu zaidi. Upande wetu wa Bungoma unaomba elfu kumi, na ukishapewa hupandi wala hushuki mpaka mstari uishe, la sivyo picha hazitaungana. Mwisho wa mstari mmoja uliangukia juu ya shule yetu. "Jumanne, saa nne," ulisema. "Kabla sijageuka nitainamisha bawa la kushoto mara mbili. Ujue ni mimi."

Si kila Jumanne anga ilikuwa safi, lakini ilipokuwa safi ulikuja. Darasa zima lilipiga kelele, "Nafula, mzee wako huyo!" Mpishi alitoka jikoni akainua mwiko. Hata mwalimu wa fizikia, ambaye hapendi mchezo, alisema, "Haya, nenda dirishani, dakika moja." Nilikuwa nikipunga sweta yangu mpaka unapotea.

Sasa nimeambiwa kwamba daktari alikunyang'anya leseni mwezi wa nne, kwa sababu ya figo. Tangu mwezi wa tano hukuruka tena. Ulikuwa ukikaa ofisini kwenye kiwanja cha Kitale, unapanga mistari, unapiga simu mnarani asubuhi kumwombea rubani mwingine futi zake. Likizo ya mwezi wa nane nilikuona ukivaa shati lako jeupe lenye mistari mabegani kila asubuhi. Nilikupigia pasi hilo shati. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Kuna jambo moja linaniuma kuliko shati. Septemba, Jumanne moja, ndege ilipita juu sana. Sauti ilikuwa nyembamba na ndege ilikuwa ndogo kama inzi. Nikajua kuna kitu, kwa sababu wewe ulinifundisha: ndege ya picha haiachi kimo chake katikati ya mstari. Nikakuandikia kuuliza. Ukanijibu, mwandiko umelala kidogo, nikadhani uliandika ukiwa mbiombio. Ulisema mwongozaji alikuomba upande ili ndege nyingine ipite chini yako, nawe ukarudia, ukapanda. "Umekuwa na jicho la rubani," uliandika. Niliibandika ile barua ndani ya kifuniko cha sanduku langu.

Ulikuwa kitandani wodini, Baba. Ungesema una mafua, ningekusamehe haraka. Lakini ulichukua maneno yale ya kazi, ambayo uliniambia hayadanganyi, ukanidanganya nayo.

Ulifariki Jumatatu, wiki ya pili ya mtihani. Walikuzika Jumamosi, nyumbani Matulo, ng'ambo tu ya mto kutoka bweni letu. Siku hiyo tulikuwa nje tunasoma kemia, na upepo ulikuwa ukileta kipaza sauti cha matanga. Watu waliimba tangu asubuhi. Wenzangu wakauliza nani amekufa. Mimi nikasema, "Hawa watu nao! Si wapunguze sauti, tuko na mtihani."

Nilisema hivyo. Nikaziba masikio kwa vidole ili nisome.

Na Jumanne iliyofuata ndege ilipita, ikainamisha bawa la kushoto mara mbili, nami nikapunga sweta. Kesho yake nilifanya karatasi ya fizikia nikiwa na furaha. Niliandika vizuri, Baba. Nadhani ni karatasi niliyoifanya vizuri kuliko zote. Ndiyo maana sijui la kufanya na hasira yangu, kwa sababu huenda mpango wako ulifaulu, na mimi siutaki.

Siku ya mwisho waliniita ofisini. Mama alikuwa amefunga kitambaa, na chini ya kitambaa nikaona amenyolewa nywele kama mjane. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Baba mdogo Wekesa akasema, "Mzee aliagiza ufanye mtihani kwanza." Mwalimu mkuu alikuwa anajua. Matroni alikuwa anajua, ndiyo sababu aliniongezea nyama wiki nzima. Najua si wewe uliyeanzisha desturi hii. Huku kwetu mtoto akiwa na mtihani, hata nyumba ikiungua ataambiwa kuna moshi kidogo. Lakini wengine hawakuwafundisha watoto wao kuhusu kabati.

Nilikataa kwenda kaburini. Nikasema nataka kurudi Kitale. Mama alilia garini njia nzima, nami sikumshika mkono. Hilo nakiri.

Wiki iliyopita alikuja Kapteni Wanjiru, rubani aliyechukua ndege yako. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Wazazi wake walihamia upande wa Kiminini kutoka Nyeri, na alituletea gunia dogo la viazi vya shambani kwao. Nikamuuliza bila hata kumpa chai, "Ni wewe uliyekuwa unainamisha bawa?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unaniona?"

"Aki, mami, nisikudanganye. Kutoka kule juu naona paa za mabati na vitu kama mchwa."

Nikacheka. Kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka. Nikamuuliza kuhusu ile Jumanne ya Septemba, kama ni kweli mwongozaji alimpandisha. Akashangaa. "Nani? Zii, hapana. Mawingu yalishuka kutoka Elgon, picha zikaharibika, nikaomba mwenyewe nipande nirudi Kitale. Baba yako hakuniuliza. Alikuwa amelazwa." Kwa hiyo ulikisia. Na ulikosea. Mimi nilikuwa chini, natazama, na wewe ukiwa kitandani ukanieleza nilichokiona.

Alipokuwa akiondoka alisema kwamba ulipomwomba ainamishe bawa, alikukatalia mara ya kwanza. Alikuambia, "Huyo mtoto ni wako, mwambie." Wewe ukageukia ukuta, ukasema hujui utaanzia wapi. Baba, katika yote niliyoambiwa tangu Novemba, hilo ndilo neno la kwanza nililoliamini. Nilikuwa nadhani ulinificha kwa sababu uliniona mdogo. Sikuwaza kwamba uliogopa.

Hata hivyo ungeanzia popote. Ungesema, Nafula, mimi siruki tena. Ningelia. Ningefeli somo moja, labda mawili. Lakini likizo ya mwezi wa nane ningekusindikiza kwa daktari, badala ya kupiga pasi shati.

Jana baba mdogo alipiga simu tena. Hakunigombeza. Alisema walipokuzika alitenga udongo wa kutupa kaburini kwa mkono wangu, rundo dogo kando ya kaburi, akalifunika kwa kipande cha bati mvua isiusombe. "Uko pale," alisema. "Kuku wanauchakura, nawafukuza. Lakini siwezi kukutupia, binti yangu. Huo ni wako." Nimewaza asubuhi yote juu ya mtu mzima anayefukuza kuku kwa sababu yangu.

Nitakuja Jumamosi. Mama hajui bado, nitamwambia akirudi sokoni, kabla hata hajatua kikapu. Nitamwomba pia msamaha wa siku ile ya garini. Nitaushika huo udongo na kuutupa. Kisha nitawaomba baba mdogo na Mama wakae hapo kwenye nyasi wanieleze mazishi yako tangu mwanzo: nani aliimba, nani alisema nini kwenye kile kipaza sauti. Sitaziba masikio.

Sijakusamehe yote. Sitaki kuandika kwamba nimekusamehe halafu iwe uongo mwingine kati yetu. Kapteni amenialika kiwanjani nikaone kazi. Nimemwambia nitafikiri, na ninafikiri kweli.

Kwaheri, Baba. Ninakuahidi jambo moja. Matokeo yakitoka nitakuja nayo Matulo, nisimame hapo, nikusomee kila somo na alama yake, kwa sauti, bila kuruka hata moja. Yakiwa mabaya nitakusomea vilevile. Sitakuficha ili ulale vizuri.

Mwanao,
Nafula