Chupa Kumi na Nne za Ndui ya Mifugo

Baba mpendwa, kichwa ngumu wangu,

Kabla ya salamu, wacha kwanza nikugombeze. Wiki jana mkubwa wangu pale maabara ulikofanyia kazi alifungua friza akaniita. Chupa zako ndogo kumi na nne bado ziko, kila moja na gamba la kidonda ndani na mwandiko wako juu: "1, sikio la kushoto." "2, mkia." "3, mdomo." Basi. Ni mbuzi ama ni kondoo? Hakuna. "Nafula," akasema, "zikikosa maelezo kufikia Ijumaa, tunazichoma." Nikafungua daftari lako. Ukurasa mzima mweupe, umeandika tu "Kwa Koko, mbele ya Kajiado." Aki Baba!

Na ni wewe ulinifundisha kwamba swali lote liko hapo. Ulikuwa ukinieleza tukiosha vyombo nyumbani Kitengela, mpaka Mama anatuomba tunyamaze: ndui ya binadamu ilimalizwa, lakini binamu zake bado wanatembea na mifugo. Ulitaka kujua kama ndui ya kondoo inaruka kwa mbuzi, ama kila mmoja ana yake, ndiyo mfugaji ajue achanje nani kwanza. Sasa utajuaje, kama hujui gamba limetoka kwa nani? Hata mimi wa darasa la saba ningeandika.

Hiyo Jumapili ya kwenda kwa Koko naikumbuka vizuri. Ni ule mwaka wa mvua ya El Nino, na viatu vyangu vya kanisa viliishia kwa tope. Nilimwinamishia Koko, yule nyanya wa Kimaasai, kichwa. "Takwenya," akanisalimia, akinigusa utosini, nami nikajibu "Iko" vile ulinifundisha njiani. Uso wake ulikuwa na vishimo vya ndui aliyougua akiwa msichana, na wewe ukamkodolea macho mpaka nikaona haya. Yeye alicheka tu. "Hii ilikula watu yetu. Sasa imeingia kwa mbuzi?" Akatushikia wanyama mmoja mmoja, ukabandua magamba ukayatia kwa chupa, mambo yakaenda sawa.

Halafu ukaharibu. Ukasimama kwa mlango wa boma, ukanyoosha kidole, ukaanza kwa sauti: "Moja, mbili, tatu..." Ala! Mtu ameishi na Wamaasai miaka hiyo yote na hajui mifugo ya mtu haihesabiwi hivyo? Koko aliinua fimbo. "Unahesabu wanyama yangu unataka wakwishe? Toka!" Tukatoka mbio, wewe na miwani mkononi, daftari halijaandikwa mnyama hata mmoja. Tulipofika barabarani nilikuambia uandike. Ulinijibu nini? "Iko kichwani, Nafula."

Maabara ilikuwa imefungwa, kwa hivyo ukaficha chupa kwa friji chini ya matumbo. Mama akazipata akitafuta chakula. "Baba Nafula, sasa mimi nipike ugonjwa?" Alikusema wiki nzima, na alikuwa na haki yake.

Ilikuwa kichwani, sawa. Na hicho kichwa tulikizika Bungoma. Unajua vile nimekasirika? Siku hizi hata nikilia, nalia nikigomba.

Alhamisi nikaenda kwa Koko mwenyewe, na sukari na majani ya chai. Amezeeka, jicho moja limeingia ukungu, lakini nilipotaja ile siku ya kufukuzwa alicheka akanivuta nikae. Sikumuuliza walikuwa wangapi, makosa yako yalikuwa yamenifunza. Nilimuuliza kile wao hujiuliza mifugo ikirudi jioni: "Koko, ule mwaka wa ugonjwa, ni nani hakurudi?" Kisha nikamsomea chupa zako kwa mfuatano ule ule. Sikio la kushoto. Akafunga macho. "Huyo ni kondoo mwekundu, mama ya mapacha. Aliugua wa kwanza." Mkia? "Mbuzi mweusi ya madoa. Alikuwa mkali huyo, alikupiga wewe teke." Kweli, alinipiga teke! Akaendelea hivyo mpaka chupa ya mwisho, mnyama kwa mnyama, nami naandika. Kondoo walianza, mbuzi wakafuata. Sijui vipimo vitasema nini, lakini chupa zako hazichomwi tena.

Nikafunga daftari nikidhani tumemaliza.

"Na yule mrefu wa miwani," Koko akasema, "yeye pia hakurudi."

Nilimwambia ulifariki. Akajipapasa uso kwenye vile vishimo. "Mimi nilimfukuza siku moja tu," akasema. "Kesho yake niliweka maziwa. Nilijua atakuja kuuliza majina yao."

Baba, uliishi miaka sita baada ya hapo. Miaka sita! Ulipita hiyo barabara ukienda Namanga sijui mara ngapi, na kila mara ulikaza macho mbele kama mtu amebeba mayai. Nilidhani ni yeye amekukataa. Kumbe ni wewe ulishindwa kurudi ukasema pole. Nimeisema mimi, kwa niaba yako, na nikayanywa maziwa aliyonipa.

Lala salama, mzee wangu. Hasira yangu itaisha, lakini si leo.

Mimi binti yako, ambaye siku hizi anaandika kila kitu papo hapo.