Mama Ameenda Kuchuma Majani

Mogogosiek,
12 Februari 2023

Kwako mwanangu Chepngetich,

Chamgei? Bwana asifiwe. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu ambalo limeanza siasa zake tena. Wewe je, baridi ya Ujerumani umeizoea? Unakula ukashiba?

Naandika kwenye karatasi, kisha Gibson ndugu yako anapiga picha na kukutumia, kwa sababu simu hukatika kila nikifika kwa neno la maana. Umesema kocha amekutoa kwa mbio za kawaida akakuingiza kwa hayo mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote siku moja bila kupumzika. Mwanangu, nani katika ukoo wetu aliwahi kuogelea? Umempa mtoto jina la Jonah, yule Yona wa Biblia, halafu ni wewe unajipeleka kwa samaki.

Jonah hajambo. Wiki za kwanza alilia sana, akikuita hata usingizini. Mtoto wa miaka miwili ataelewaje Ujerumani ni wapi? Nikamwambia vile sisi sote huku kwa mashamba ya chai tuliambiwa tukiwa wadogo: mama ameenda kuchuma majani, atarudi jioni. Akanyamaza, akalala. Basi jitahidi umalize hayo mashindano, uje umchukue mtoto wako.

Ni mimi,
Mama yako.


Ujerumani,
11 Julai 2023

Kwa mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Goti linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Mashindano yalikuwa Jumapili na nilishindwa kwa maji. Ziwa lilikuwa jeusi, watu mamia wakaingia pamoja, mmoja akanipiga teke la uso. Nilimeza maji nikasahau yote niliyofundishwa. Nikashika boti ya waokoaji, na ukishaishika na kupandishwa, siku yako imeisha. Baiskeli yangu ilibaki imesimama peke yake pale wenzangu walipochukua zao. Nililia mbele ya watu, mama, sikuona haya.

Kocha amenipa nafasi tena mwaka ujao. Nikimaliza tu, klabu itaniandika rasmi na kunipa nyumba ya kuishi na mtoto. Sasa tunalala wasichana wanne chumba kimoja, na nikitoka nchi hii kabla ya mkataba sitaruhusiwa kurudi. Mwambie Jonah mama yake anakuja.

Mwanao,
Mama Jonah.


Mogogosiek,
26 Novemba 2023

Mwanangu,

Tunamshukuru Mungu, tumeamka. Pole kwa yale maji. Hata Petro alizama, na alikuwa mvuvi.

Gibson ameoa. Bibi arusi anaitwa Janeffer, wa kutoka Sigor, msichana mtulivu na mikono yake kwa majani ni miepesi kuliko yangu. Tumekula, tumeimba, tumekukosa.

Sasa jambo la Jonah. Kila jioni huenda pale kituo cha majani, mahali wanawake wanapopima vikapu vyao kabla ya lori la kiwanda kufika. Anakaa juu ya jiwe akiwaangalia usoni mmoja mmoja. Wakiisha wote, anarudi nyumbani. Nimeona nimwambie ukweli, kisha nikaona bado ni mdogo.

Tena unatuma picha ukiwa na helmeti na ile miwani ya kuogelea! Mtoto aliniuliza huyo ni nani, na ya Mungu ni mengi, hata mimi nilitazama mara mbili. Tuma picha yenye uso.

Mama yako.


Ujerumani,
2 Agosti 2024

Mama,

Natumaini mko salama. Usishtuke ukiona mwandiko mbaya, naandika kwa mkono wa kushoto.

Safari hii maji niliyamaliza. Nilitoka ziwani nikiwa hai, nikapanda baiskeli nikiimba. Kwenye mteremko mvua ikanyesha, gurudumu likateleza, nikaamka ndani ya ambulensi. Mfupa wa bega umevunjika. Nilimsihi daktari aniache niendelee, akadhani nimegonga kichwa.

Ni mwaka mwingine tena, mama. Nisamehe. Jonah asiambiwe nimeumia.

Mwanao,
Mama Jonah.


Mogogosiek,
15 Septemba 2024

Mwanangu Chepngetich,

Pole, pole sana. Kanisa lote linakuombea.

Kuna neno nimelificha tangu mwezi wa tatu. Jioni moja Jonah alikuwa pale kituoni kama kawaida. Janeffer akaja na kikapu chake, akakishusha. Jonah akateremka kwenye jiwe, akamshika leso aliyojifunga kiunoni na kumwambia mbele ya watu wote, "Mama, mbona umechelewa?"

Janeffer alinitazama mimi. Ningesema pale pale. Lakini mtoto alikuwa anacheka, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu uondoke. Wakarudi nyumbani wameshikana mikono. Usiku huo ndio wa kwanza alilala bila kukuulizia. Tangu hapo humwita mama, na Gibson humwita baba, na mimi sina nguvu ya kumkataza.

Mama yako.


Ujerumani,
20 Septemba 2024

Mama,

Mwambieni ukweli. Mimi ndiye niliyemzaa, si Janeffer. Nimevunjika kwa ajili yake. Nilikuachia mtoto umlee, sikukuachia umgawe.

Mama Jonah.


Ujerumani,
8 Julai 2025

Mama mpendwa,

Karibu mwaka mzima hatujaandikiana. U mzima? Hasira yangu imeisha, naomba na yako iishe.

Nimemaliza. Ndani ya maji hofu ilinishika tena, nikageuka chali nikatazama mawingu mpaka moyo ukatulia, kisha nikaendelea. Kwa baiskeli nilipata pancha mbali sana na watu, na tairi ikakataa kuingia. Wote niliowapita wakanipita. Lakini tulipovaa viatu vya kukimbia nilijiambia, sasa tumefika kwetu. Kila kilomita nilikuwa na jina la Jonah mdomoni. Karibu na mwisho tumbo lilinikata, nikatapika kando ya barabara, nikatembea, nikakimbia tena. Nilipovuka mstari nilianguka, na mwanamke nisiyemjua akanifunika shuka.

Klabu wameniandika. Nimeonyeshwa nyumba, na chumba cha Jonah nimeshakipaka rangi ya samawati. Nakuja Desemba kumchukua. Tafadhali, mwandae.

Mwanao,
Mama Jonah.


Mogogosiek,
17 Agosti 2025

Mwanangu,

Hongera. Nilisoma barua yako nikapiga magoti, goti na shida zake zote.

Tumemwambia. Mimi na Gibson tulimketisha tukamweleza kwamba mama aliyemzaa ni wewe na utakuja. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza mama amekosa nini. Sasa hataki Janeffer aende kuchuma peke yake. Humfuata kati ya mistari ya majani kutwa nzima.

Janeffer hajalalamika. Amefua nguo zote za mtoto na kuzikunja. Mimi ndiye nilikosa, mwanangu. Nilitaka alale, sikutaka kukuibia. Njoo, ni wako.

Mama yako.


Ujerumani,
11 Januari 2026

Kwa mama yangu,

Nilifika salama. Baridi ni kali, lakini niko.

Uliniuliza pale barabarani kwa nini namwacha Jonah hali tikiti yake nimeshailipa, nikapanda gari. Nitasema sasa. Ile jioni ya mwisho ulikuwa jikoni ukichemsha chai, na Gibson alimwambia Jonah aombee chakula. Wiki tatu mtoto alikuwa amenitii katika kila kitu. Alinipa kiti, akaninawisha mikono, akanishukuru kwa viatu. Sikuwa na la kulalamika. Akafumba macho akaomba, "Mungu, umfikishe mgeni wetu kwao salama, na mama aache kulia."

Nikafumbua macho. Janeffer alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake Jonah, hata kwa mateke, lakini si kwa kuombewa safari.

Hapo nilishindwa, mama. Ningembeba kwa nguvu angekuja, kwa maana sheria iko upande wangu. Kisha ningemlaza kwenye kile chumba na kumdanganya kwamba mama yake atarudi jioni.

Nampenda mpaka mwili unaniuma. Msimwambie tena mimi ni nani, mpaka siku atakayouliza mwenyewe. Mwambie Janeffer azirudishe zile nguo kabatini. Na wewe usijilaumu, umenilelea mtoto akawa na adabu. Mpe salamu zangu, umwambie zimetoka kwa dada ya baba yake.

Mwanao,
Shangazi yake Jonah.