Saa ya Plastiki ya Mke Wangu

Old Moshi, Jumanne

"Saa ya plastiki si urithi, shemeji, ni takataka." Kaka wa marehemu mke wangu alisema hivyo leo tukigawa nguo zake. Nikamwuliza ni saa ngapi. Akatazama ya dhahabu mkononi mwake, iliyosimama tangu Pasaka, akaifunika kwa mkono wa shati.

Hii ya plastiki mke wangu aliinunua kwa machinga sokoni Moshi. Ilikuwa inalia kila alfajiri, naye anaamka kwenda kufungulia migomba maji ya mfereji. Leo alfajiri imelia tena. Nikanyoosha mkono kumwamsha.

Maisha yangu yote nimebishana na watu. Kwa hili sina hoja, nina kitanda kitupu tu.

Wanangu, chukueni mnachotaka. Saa hii msiizime.